Sauti Iliyobaki Shangani

Saa saba kasorobo mchana, alipomaliza matangazo ya vifo, Bi Nusrat alipewa karatasi nyingine ya kusoma. Miaka kumi na tisa yeye ndiye msomaji wa vifo katika kituo kimoja cha redio cha Shangani: jina la marehemu, nyumba ya msiba, saa ya kuzika. Hakuwahi kukosea hata maiti mmoja, na Unguja nzima ilimwamini kwa hilo.

Karatasi ilihusu mtambo wa nyuklia katika nchi yenye vita, ambao makombora yalikuwa yakiangukia uani kwake. Mji wa jirani ulikuwa na wanafunzi ishirini na mmoja kutoka Unguja, mmoja wao Talib, mwanawe wa pekee. Wataalamu walikuwa wameandika kwamba umeme wa kupozea mtambo umekatika mara mbili. Anayeweza aondoke. Anayebaki akae ndani, afunge madirisha, asinywe maji ya mvua, asimeze vidonge vya iodini vya kukinga mionzi mpaka aambiwe. Abrahman, mkuu wa matangazo, alikuwa ameyakata maneno hayo yote kwa wino mwekundu na kuandika: Hakuna hatari yoyote.

"Bwana Abrahman, mwanangu yupo kule."

"Ndiyo maana nakupa wewe. Wakikusikia wewe, wazazi watatulia. Tusiwatie watu kiwewe. Soma, Bi Nusrat."

Alisoma. Aliiogopea kazi yake, hakuna haja ya kumpamba. Alipoinuka kitini, sauti yake haikuinuka. Ilibaki mbele ya kipaza sauti, ikalisoma tangazo tena saa nane, na saa tisa, na kila saa. Fundi mitambo akaiwekea gilasi ya maji. Abrahman akapanga upya ratiba ya wasomaji.

Nyumbani kwake Kiembe Samaki, Bi Nusrat aliingia ndani bila sauti ya kutoa salamu. Paka wake aliacha kuja kula, kwa kuwa hakuitwa. Upweke wa kukosa wa kuzungumza naye alishauzoea tangu Talib aondoke. Huu wa kutoweza hata kujisemea peke yake ulimliza.

Kesho yake aliyaandika maneno yaliyokatwa, akayapeleka Tunguu kwa Mzee Mabrouk, ambaye binti yake yuko mji uleule. Mzee aliyasoma, akaikunja karatasi.

"Umeandika vizuri, Bi Nusrat. Lakini hebu ngoja kwanza nkusikilize." Akaongeza sauti ya redio. "Umesikia? Si wewe mwenyewe unasema?"

Nyumba ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Ya tatu walimkaribisha chai.

Jioni Talib alipiga simu. "Mama? Mama, tuondoke au tubaki? Basi la mwisho linaondoka saa hii. Mama?" Simu ikakatika. Bi Nusrat akamwandikia ujumbe haraka: Ondoka mwanangu, panda basi.

Jibu halikuchelewa. "Wewe nani? Rejesha simu ya mama yangu. Mama nnamsikia hapa kwenye intaneti, yuko kazini. Anasema hakuna hatari. Tunabaki."

Ilikuwa saa kumi na mbili kamili. Bi Nusrat aliwasha redio, akakaa kitako, akajisikiliza.