Mama Aliyesikia kwa Macho

Ukitaka kumsengenya mtu katika nyumba ile, ilibidi kwanza ugeukie ukutani, maana aliyekuwa kiziwi ndiye aliyesikia kila kitu. Homa ilimziba Mama masikio akiwa bado kijana, na tangu hapo akawa anasikia kwa macho. Anakutazama mdomo, neno linatoka, analidaka. Wala hukuhitaji kusimama karibu. Alikaa kwenye kiti chake dirishani, chumba cha mbele, akiwatazama watu wakizungumza ng'ambo ya barabara, na jioni anawahadithia wenzake nani kagombana na nani, tena na matusi yenyewe. Shule hakwenda, herufi hata moja hakuijua, lakini midomo ya watu hakuna aliyeweza kumficha.

Mkwewe, fundi wa majokofu ambaye mtaa mzima ulimwita Baridi, aliwahi kunung'unika huku anatafuna kwamba mboga haina chumvi. Mama akamjibu kutoka upande wa pili wa chumba, "Chumvi iko kabatini, baba, na miguu unayo." Baridi alikaribia kupaliwa. Tangu siku ile akawa ananung'unika kimoyomoyo tu.

Lakini aliyefaidi zaidi alikuwa binti wa Mama, mke wa Baridi, muuza dawa. Jioni akitoka dukani alikuwa anavua viatu, anavuta kiti, anakaa uso kwa uso na mama yake, na wawili hao wanaanza kupiga soga bila sauti. Midomo inacheza tu. Baridi akipita na kikombe chake anaona wanawake wawili wanatazamana kimya, halafu ghafla wanaangua kicheko, naye anaamini wanamsema yeye. Na kweli walikuwa wanamsema yeye.

Basi ikaja homa nyingine, ya kuua. Mwanzo ilikuwa ya redioni, ya miji ya mbali, watu wanakohoa jioni na baada ya siku kadhaa wanazikwa. Muuza dawa akaanza kusema wajifungie. Baridi akacheka.

"Haraka haraka haina baraka, mke wangu. Hapa hajaugua hata mtu mmoja. Tusubiri tuone."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," akamjibu. "Mwenzako akinyolewa, wewe zako tia maji. Au mpaka uone wembe?"

"Haya, Daktari wa Kaunta," Baridi akasema, maana ndilo jina alilombandika.

Fundi cherehani wa nyumba ya jirani, aliyekuwa akisikiliza ukutani, naye akacheka kwa sauti ili asikike. Muuza dawa aliona haya kidogo, akanyamaza.

Hakunyamaza muda mrefu. Mchana mmoja mwanamume aliingia dukani akikohoa mpaka akashika kaunta kwa mikono miwili, akasema katoka safarini jana yake tu. Muuza dawa alimpa dawa yake, akafuta kaunta, akafunga duka mapema, akarudi nyumbani na boksi zima la barakoa. Hakumuuliza mtu. Alikaa mbele ya mama yake, mdomo wazi kwa mara ya mwisho, akamweleza taratibu.

"Mama, kuna homa mbaya inapita. Inakwenda kwa pumzi, na wazee haiwabakishi. Kuanzia leo nikiingia humu nitafunika mdomo. Baridi pia. Na wewe hutoki."

Mama alimtazama mdomo mpaka neno la mwisho. "Mkifunika midomo nyote, mimi nitakuwa na nani humu ndani?"

"Siku chache tu, Mama."

"Haya. Mwenye dawa ni wewe." Halafu binti alipoivaa barakoa, Mama akamchunguza, akacheka. "Loo! Umekuwa jambazi kabisa."

Na kwa kweli dada huyu alipatia. Kabla mwezi haujaisha homa iliingia mtaani, na nyumba ya kwanza ilikuwa ya fundi cherehani. Alitangulia yeye, akafuata mkewe, na ule ukuta wa kusikilizia ukabaki kimya. Baridi aliacha mzaha kabisa. Akawa ananawa mikono mpaka viwiko, anaoga uani kabla ya kuingia ndani, anakula peke yake jikoni. Majirani wakawa wanasimama mbali na lango, wanamuuliza muuza dawa wafanye nini, naye anawaeleza. Hapa tusidanganyane, alijivuna. Nani asingejivuna? Walimcheka, na sasa alichokisema ndicho watu walichokifuata.

Kwa hiyo akakaza zaidi. Mama alikuwa na presha ya macho, ugonjwa wa siku nyingi, anatiwa matone asubuhi na jioni, na kila baada ya muda anakwenda hospitali kupimwa. Muuza dawa akafuta safari za hospitali. "Huko ndiko homa inakolala," alisema. Matone si anayauza yeye mwenyewe? Akawa anayaleta nyumbani, anamtia kwa mkono wake, amevaa barakoa na glavu. Baadaye hospitali ilipiga simu kusema kliniki ya macho imehamishiwa jengo la peke yake, lenye mlango wake. Akajibu, "Bado kidogo." Walipopiga tena akajibu vilevile.

Na Mama je? Mwanzo alijitahidi. Walizungumza naye kwa mikono, kwa vidole, kwa kunyanyua vitu. Binti anaonyesha kikombe, Mama anaelewa. Anaonyesha tumbo, Mama anaelewa. Lakini kwa mikono utamsengenya nani? Utamweleza vipi mtu, kwa kunyanyua kikombe, kwamba leo dukani kaja mwanamke kutaka dawa ya kumpendeza mama mkwe? Soga ilikufa. Kila baada ya siku mbili tatu Mama alikuwa anauliza kwa sauti yake nene ya mtu asiyejisikia, "Bado?" Binti anatikisa kichwa juu ya barakoa. Bado.

Jioni moja alirudi kazini akamkuta Baridi amesimama nje, kwenye maua, uso ameusogeza dirishani. Barakoa inaning'inia sikio moja. Dirisha limefungwa, Mama yuko ndani kwenye kiti chake, na mabega yake yanatikisika kwa kicheko. Baridi alikuwa anamsimulia kisa cha mteja aliyeficha hela kwenye jokofu bovu, kisha akalipeleka kwa fundi na hela ndani.

"Baridi! Unafanya nini?"

"Naongea na mama mkwe. Kioo kimefungwa, mke wangu. Pumzi yangu inapitia wapi hapo?"

"Vaa!"

"Njoo na wewe. Simama hapa umwambie hata habari za duka. Huyu mtu ana kiu, humwoni?"

"Bora awe na kiu kuliko awe kaburini! Leo dirishani, kesho mezani. Nikiwaachia hili moja mtaniachia lipi? Fundi cherehani umeshamsahau?"

Baridi aliutazama ukuta wa fundi cherehani. Akavaa. Mama, kule ndani, hakuwa amepata hata neno moja la ugomvi ule. Alichokiona kilikuwa macho ya binti yake juu ya kitambaa, na macho hayo yalikuwa yanawaka. Kicheko kikakatika. Akanyanyuka taratibu, akavuta pazia.

Muuza dawa angeweza kuligonga lile dirisha, avue, aseme na mama yake kupitia kioo. Hilo ndilo linalomuuma mpaka leo. Baridi alikuwa sahihi, pumzi haipiti kwenye kioo kilichofungwa, na yeye muuza dawa alilijua hilo kuliko Baridi. Lakini alikuwa amechoka, ameogopa, na alikuwa amezoea kuwa yeye ndiye anayejua. Akaingia ndani akanawa mikono.

Homa ilianza kupungua. Redio ikasema imepungua, kisha ikasema imekwisha. Watu wa ng'ambo ya barabara wakatoka na nyuso zao, wengine wamekonda, wengine wamefuga ndevu, wanacheka na kulia papo hapo. Baridi akauliza kwa upole kama sasa wangeweza kuvua barakoa ndani.

"Wiki moja zaidi," akasema.

Wiki ikaisha. "Moja tena. Tusije tukaharibu mwishoni."

Ile ya pili nayo ikaisha, akasema hivyohivyo. Wakati wa kuanza alikuwa ameuona kabla ya mtaa mzima. Wakati wa kumaliza ulimpita mbele ya uso wake, na hakuna aliyethubutu kumbishia, maana aliwahi kupatia.

Katika siku hizo Mama alisema kwamba dirisha limechafuka, haoni barabara vizuri. Binti akalifuta ndani na nje kwa maji ya sabuni. Mama akashukuru, akasema bado lina ukungu kidogo, labda ni vumbi la kiangazi. Akaanza pia kugonga vikombe, anaviweka pembeni mwa meza vinaanguka. Uzee, wakasema. Vikombe vya udongo wakabadilisha kwa vya plastiki.

Siku ya kuvua ilipofika, ilikuja kwa jambo dogo. Muuza dawa alikuwa anapanga rafu dukani akaona maboksi ya barakoa yamejaa vumbi. Hakuna aliyekuwa akizinunua. Akajicheka mwenyewe. Alirudi nyumbani mchana kweupe, akaoga, akapaka rangi ya mdomo, nyekundu ya kuonekana, ili kila neno lisomeke. Njia nzima alikuwa ameyapanga ya kusema: mwanamke wa dawa ya mama mkwe, majirani, kila kitu. Alikuwa na furaha ya mtoto. Akafungua pazia, mwanga ukajaa, akavuta kiti uso kwa uso.

"Mama, imekwisha. Sasa tuongee."

Mama aliinamisha kichwa upande mmoja. "Sogea." Akasogea. "Sogea tena, mwanangu."

Magoti yakagusana.

"Mbona hujavua?" Mama akauliza.

"Nimevua, Mama! Nimevua!"

Mama akangoja, anatazama palepale mdomoni, subira tupu usoni. Binti akaushika mkono wa mama yake, akauweka shavuni kwake. Vidole vikatembea. Vikapita puani, vikashuka kwenye midomo, vikafika kidevuni, vikarudi tena juu kutafuta kitambaa ambacho hakikuwepo.

"Kumbe umevua," Mama akasema. "Basi ni mimi."

Daktari wa macho alipima, akapima tena. Akasema presha ilipanda muda mrefu, matone yale peke yake hayakutosha, yalitakiwa kubadilishwa. Kilichobaki ni kuona mwanga na kivuli, na hicho watajitahidi kukilinda. Kilichopotea hakirudi. "Mngemleta mapema," alisema, bila hasira, kwa vile wengi walichelewa mwaka ule. Muuza dawa alitamani daktari amkaripie. Hakumkaripia.

Nyumbani Baridi alijaribu kumpoza. "Ulituokoa. Bila wewe sote tungekuwa pale alipo fundi cherehani."

"Niliwaokoa," akajibu. "Na yeye nimemwokoa nimemweka wapi? Hasikii, haoni. Nimemfungia ndani, halafu nikapoteza ufunguo." Akalia pale jikoni, na Baridi, mtu wa mzaha maisha yake yote, akamvutia kiti.

Aliyepata njia ni Mama mwenyewe. Jioni moja alisema tu, "Lete huo mdomo hapa." Akaweka vidole viwili kwenye midomo ya binti yake na kidole gumba chini ya kidevu. "Sema kitu. Kifupi." Binti akasema "maji". Akalirudia na kulirudia, na siku ile halikupatikana, lakini kesho yake likapatikana. Likafuata "mvua". Likafuata "kula". "Baridi" lilikuja upesi, na Mama akasema huyo hata kwenye vidole ana kelele. Ilikuwa kazi ya polepole kama kumfundisha mtoto kutembea, na maneno waliyopata yalikuwa yanatosha kuomba na kukataa. Kusengenya kulikuwa bado mbali sana.

Muuza dawa alikuwa na neno moja ambalo amelibeba tangu siku ile ya hospitali. Jioni nyingine, Mama alipokwisha kuweka vidole, akalisema polepole.

"Nisamehe."

Mama akakunja uso. "Rudia."

"Ni-sa-me-he."

"Tena. Usiume midomo, inatetemeka."

Akajikaza, akalisema tena, kipande kwa kipande, na tena, akijua kwamba neno hili hawezi kulinyanyua kwa mkono kama kikombe. Mama akatikisa kichwa, akampigapiga shavuni.

"Hilo sijalipata, mwanangu. Ni refu mno. Sema lingine."

Muuza dawa akaurudisha mkono wa mama yake mdomoni. Akasema, "Chai."

"Chai!" Mama akalidaka papo hapo, uso ukamng'aa kwa furaha. "Hilo nimelipata. Haya, niletee."

Akanyanyuka, akaenda kuchemsha maji.