Kidole Gumba cha Mzee Ngassa

Mwaka 1976 niliipiga chapa makala ya Bwana Kamili mara saba, kwa mashine iliyovunjika herufi r, kwa hiyo kila r niliijaza kwa kalamu. Mpaka leo nikiambiwa nimsamehe nasema nitafikiri.

Kamili alikuwa bwana mifugo katika kituo kidogo cha utafiti hapa Shinyanga. Alikuwa mtu wa Ushirombo, mpole, mwenye kamusi mbili za Kiingereza na hamu ya kupata ya tatu. Makala yake ilihusu dawa ya mizizi ya kutibu vidonda vya kwato, aliyoonyeshwa na Mzee Ngassa, mfugaji wa Mhunze. Mzizi wenyewe sitautaja, maana mzee yu hai na masikio yake bado mazima. Mkuu wetu, Bwana Theonest, alikuwa amemwambia Kamili waziwazi: makala ikikubaliwa na jarida la Ulaya kabla ya mwaka kwisha, atapandishwa kuwa mtafiti. Isipokubaliwa, anarudi joshoni kuogesha ng'ombe, kazi aliyoifanya miaka tisa mpaka watu wakawa hawakai naye benchi moja kanisani.

Mara ya kwanza makala ilirudi na barua. Mhariri alisema Kiingereza hakina kosa, ila mwandishi anasema mambo kwa uhakika mno. Wasomi huandika kwa tahadhari. Kamili akajifungia wiki nzima, akatoka na tahadhari tele, nami nikaipiga chapa upya mara tano mpaka ikamtosha. Hakuna ng'ombe aliyepona tena. Wote walionekana kama huenda wamepata nafuu. Nilihesabu "huenda" arobaini na moja katika kurasa tisa.

Ugonjwa ukamhamia mdomoni.

"Salvina, yaonekana chai haina sukari."

"Sukari haijaonekana mji huu tangu Januari, Bwana Kamili. Haina."

"Huenda," akasema, akanywa.

Barua ya pili ilileta furaha na sharti. Makala ingekubaliwa, lakini kwa kuwa inategemea maneno ya Ngassa, asomewe kila sentensi inayomtaja, kisha athibitishe kwa sahihi au kidole kwamba ndivyo alivyosema. Kamili akacheka, akachukua wino wa mhuri. Kisukuma chake kilikuwa cha kuombea maji, kwa hiyo akanichukua mimi, mzaliwa wa Ngokolo, nikatafsiri.

Tulimkuta mzee zizini akikagua kwato. Tukapeana salamu ya asubuhi, mwangaluka, tukaulizana habari za watoto, za mvua na za ng'ombe, ndipo nikafungua karatasi. "Kwa maoni ya Ngassa, yaonekana dawa hii huenda ikachangia kupunguza vidonda kwa baadhi ya ng'ombe."

Akaniomba nirudie. Nikarudia.

"Nani amesema hayo?"

"Wewe, baba."

"Siku hiyo nilikuwa naumwa?"

Kamili akaeleza kwamba Ulaya wasomi husema hivyo, ni unyenyekevu. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Kamili mwanangu, tulitibu ng'ombe wangapi?"

"Kumi na wawili."

"Wakapona wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Ulisimuliwa?"

"Niliona mwenyewe."

"Sasa sikiliza. Sisi huku, ng'ombe wakichanganyika malishoni, watu hukaa kuamua. Anayesema huyu ni wangu, ana baka chini ya sikio la kushoto, anaondoka naye. Anayesema huenda ni wangu, anaulizwa jana alilala wapi. Wewe unataka kunisimamisha mbele ya watu wa Ulaya, wasionijua, niseme huenda?"

Akaingiza mikono yote miwili ndani ya mgolole wake.

"Mzee," Kamili akasema kwa sauti ndogo, "nisipopeleka kidole chako narudi joshoni." Nilimhurumia, ingawa zile r zilikuwa hazijanitoka moyoni.

"Kidole nitatoa, kwa nilichosema mimi. Mayu," akanigeukia, kwao mayu ni mama, "andika."

Nikaandika kwa Kiswahili. Alitaja ng'ombe mmoja mmoja, kwa rangi yake na kwa mama yake, siku aliyopakwa dawa na siku aliyotembea bila kuchechemea. Kamili alifuata katika daftari lake na hakukuta kosa hata moja. Wa kumi na mbili alikuwa yule mweupe ambaye hakupona. "Huyo alipakwa na shemeji yangu nilipokwenda msibani," mzee akasema. "Sikuona alichopaka. Kwa huyo sisemi neno." Kisha akakandamiza kidole chini ya maneno yake na kujifuta wino kwenye majani.

Tulikuwa nusu ya njia kurudi, ndani ya Landrova, Kamili aliposema, "Salvina, ukurasa wenye kidole tungeweza kuubana kwenye makala ileile. Mhariri hajui Kiswahili."

Nilikasirika kweli. Mzee mzima amempa ng'ombe kumi na mmoja bila kukosea, na yeye anataka kuiba kidole. Nilimwambia atafute mpiga chapa mwingine, tena na zile herufi r azijaze huyohuyo.

Kesho yake aliniletea makala mpya. Ng'ombe kumi na mmoja walipona, kila mmoja kwa rangi na siku, na mweupe peke yake hakuamuliwa. Niliipiga chapa bila kunung'unika, hiyo ndiyo ya saba. Kamili aliituma pamoja na ukurasa wenye kidole, akaenda nyumbani, akayatoa mabuti yake ya joshoni na kuyapiga brashi ili yawe tayari.

Jibu lilikuja Novemba. Makala imekubaliwa, na msomi aliyeipitia aliandika kwamba sehemu ya Ngassa ndiyo pekee aliyoielewa bila kuirudia. Bwana Theonest aliisoma barua amesimama, akampa Kamili mkono. Kamili alilia bila aibu, nami nilimsaidia kidogo.

Lakini bahasha ilikuwa nzito. Ndani mlikuwa na makala nyingine, ya profesa mmoja wa hukohuko, kuhusu vidonda hivyohivyo. Mhariri aliuliza kama Dakta Ngassa angekubali kuipitia na kutoa uamuzi wake katika siku thelathini.

Tukarudi Mhunze. Nilimtafsiria mzee kurasa kumi na nane, tangu asubuhi mpaka ng'ombe walipokwenda kunywa maji. Alikuwa na swali moja tu: huyu profesa ametibu ng'ombe wangapi? Kamili akapekua mwanzo hadi mwisho. Hakuna hata mmoja. Alikuwa amesoma vitabu vya wenzake, nao walikuwa wamesoma vya wenzao.

Nilitegemea mzee atacheka. Hakucheka.

"Huyu si mjinga," akasema. "Anaogopa. Mwandikieni aje. Nitamshikia ng'ombe, aguse mwenyewe. Mwambieni hawang'ati."

Kamili akainama kutazama viatu vyake. Mimi nikaandika neno kwa neno, na mzee akanyoosha kidole gumba kabla hajaombwa.