Kiti cha Afisa Utumishi

Veneranda alikifuta kile kiti kwa kitambaa kibichi, akafuta mikono ya kiti, akarudia mgongo. Miaka miwili alikikalia akijitolea, kazi zote za ofisi juu yake, mshahara hakuna, na shahada yake ya usimamizi wa rasilimali watu imelala kwenye sanduku la nguo chumbani kwake kule Ipuli. Leo anamfutia mtu mwingine. Na mtu mwenyewe angalau angekuwa mgeni! Ni Julieth, waliyekaa naye chumba kimoja hosteli ya chuo, yule aliyepigwa sapu ya sheria za kazi, arudie mtihani, mpaka Veneranda akamchambulia kifungu kwa kifungu kama anayemmenyea mtoto karanga.

"Vene, shoga yangu, pole na kazi," Julieth alisema, mkoba mpya begani. Akakaa.

Veneranda aliuonea wivu ule mkoba, viatu, kitambulisho shingoni chenye picha ya Julieth akicheka. Hata namna alivyoitua chupa yake ya maji mezani ilimkera. Kibaya zaidi, Julieth hakuwa na roho mbaya. Angekuwa nayo, ingekuwa nafuu.

Bwana Luhende, mkuu wa utumishi, akaingia.

"Mmeshasalimiana? Safi. Veneranda, utamwelekeza mwenzako. Wewe ndiye mwenyeji."

"Mkuu, si ulisema nafasi ikitoka..."

"Nilisema uombe. Ukaomba, ukasailiwa. Au una la kusema?"

"Hamna, mkuu."

"Basi vuta kile kiti cha plastiki, kaa pembeni yake. Maisha ni hatua, binti."

"Baba mdogo, funguo za kabati..." Julieth alianza, akajiuma mdomo. "Yaani, mkuu."

Luhende alicheka. Veneranda naye akacheka. Angefanyaje?

Kosa lake lilikuwa kuamini. Siku Luhende alipomwambia kuwa kiti kile ni chake, alimpigia simu mama yake kule Igalula. Mama Dafrosa hakungoja barua wala nini. Akapeleka sadaka ya shukrani kigangoni, wanawake wakampigia vigelegele. Nafasi ilipoota mbawa, Veneranda alikosa ulimi wa kumwambia. Na kwao, aliyempa mwanao kazi hashukuriwi kwa simu. Anafuatwa alipo, tena si mikono mitupu.

Mlango ukagongwa.

"Hodi humu!"

Lo! Mama Dafrosa huyo, kitenge cha kanisani kiunoni, ndoo ya asali kichwani. Akaitua chini, akapiga magoti mbele ya mwanamume mdogo kwake kwa umri.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama," Luhende alijibu bila haya. "Habari za huko?"

"Za huko nzuri. Nimekuja kushukuru. Hii baba yake kaitoa mzingani mwenyewe, haina hata tone la maji. Umetufuta machozi, baba. Mungu akuzidishie."

Veneranda alimkazia macho Luhende. Sema, alimwomba kimoyomoyo, sema wewe. Akisema yeye, mama yake ataumbuka hapo hapo magotini, na kesho huenda hata kile cha plastiki hatakiona tena.

"Veneranda ni mchapakazi," Luhende alisema, akaipokea ndoo kwa mikono miwili. "Hapa tunamtegemea sana."

Julieth alifungua droo, akawa anatafuta kitu ambacho hakikuwemo.

"Na huyu binti?" mama aliuliza.

"Huyo ni afisa utumishi wetu mpya."

"Alaa! Basi mko wawili!" Mama Dafrosa aliinuka akishika goti. "Mwelekeze mwenzako, mwanangu. Usimfanyie choyo."

"Sawa, mama."

Aliitamka kwa sauti nzuri kabisa, huku akitamani kumng'oa Julieth kwenye kile kiti kwa nywele.

"Veneranda, mpe mama pa kukaa," Luhende aliagiza.

Akamsogezea kile cha plastiki. Mama Dafrosa akakaa, akajifuta jasho kwa pindo la kitenge, akazungusha macho chumbani taratibu: meza, kabati, Julieth kwenye kiti chake, kisha mwanawe aliyesimama na kitambaa mkononi.

"Na wewe, mwanangu," akauliza, "kiti chako kiko wapi?"

Luhende alikuwa ameshabandua mfuniko. Akachovya kidole, akakilamba.

"Mama," alisema, "asali ya kwenu tamu kweli."