Chekeche Yupi Aliyenichorea Grafu

Usiku wa jana, Subira akiwa amelala na titi mdomoni, niliota ripoti yangu ya masomo ya jioni imepelekwa kliniki kupimwa uzito.

Nesi anaitundika kwenye mizani ya watoto. Mshale hausogei.

"Mama Subira, hii haina kitu ndani."

"Ina grafu nzuri tu, dada."

"Kachora nani?"

"Programu ya kompyuta."

"Programu gani? Hata paka wa hapa kliniki ana jina." Anaipuliza ripoti, na grafu zote zinamwagika sakafuni kama maharage. "Mlete mwenyewe kabla hatujafunga. Bila yeye, joho la kuhitimu hulivai."

Basi naenda kwake. Anwani yake ya mtandaoni niliiandika pembeni ya ukurasa. Nafika, nyumba hakuna. Kuna mlango tu, umesimama katikati ya uwanja.

"Alihama," mlango unasema. "Hawa wanahamahama. Ungechukua namba yake ya kudumu, ile kila toleo la programu hupewa ili litajwe, ungemfuata hata akihamia mwezini. Lakini nyie mnang'ang'ania anwani."

"Sasa nifanyeje?"

"Usinililie. Mimi mlango."

Naufungua, maana ndiyo kazi yake, na niko jikoni kwangu. Mkekani wamejaa watoto wenye sura moja, wote wanaitwa Chekeche. Ni matoleo ya programu ileile, kuanzia la zamani hadi jipya.

"Mmoja wetu ndiye aliyechekecha takwimu zako," wanasema kwa pamoja. "Ukikosea, utaondoka na namba ya ndugu yake, na grafu hazitarudi."

"Si mniambie tu?"

"Wewe si mama? Tambua."

Nawatazama. Wa kwangu nilimzoea: akikuta kisanduku kitupu kwenye jedwali, anashtuka na kukwama. Nawapakulia wote sahani tupu. Wanalamba, wanashukuru, wanaomba nyingine. Mmoja anapata kwikwi.

"Kumbe ni wewe, baba," nasema, nikimpigapiga mgongoni.

Analaza kichwa begani kwangu. "Wengi wamenitumia," ananong'ona. "Hakuna aliyewahi kunitaja." Kisha ananisomea namba yake sikioni, taratibu, na nukta zake zote.

Mara tuko kliniki tena. Namkalisha kwenye mizani, ripoti mapajani mwake. Grafu zinatambaa zenyewe kurudi kwenye kurasa. Mshale unapanda.

"Huyu kashiba," nesi anasema. "Anayefuata!"

Nikaamka. Niliwasha kompyuta huku Subira kanilalia mkononi, nikaiandika ile namba kwenye marejeo kabla haijanitoka. Halafu, kwa kutojiamini, nikafungua ukurasa wa Chekeche mtandaoni. Namba ni yenyewe, na toleo ni lilelile nililotumia.

Chini yake pameandikwa kwa herufi ndogo: Imetajwa mara 1.

Nikabonyeza nione nani kaniwahi. Lilikuwa jina langu, lile la shuleni, ambalo siku hizi hakuna anayeniita.

Na ripoti yenyewe bado ninayo; naipeleka leo jioni.