Msusi wa Mikeka, Tongoni

Kwa miaka minane kazi yangu ilikuwa kuwafuta vumbi watu waliokufa zamani. Nilikuwa na brashi laini, kitambaa cha marekani, na chumba cha ghorofani katika jengo kuukuu la serikali pale Tanga, ambamo picha na postikadi za enzi za Wajerumani zililala kwenye maboksi. Nilizijua zote: wapagazi wa reli, wanawake wa mjini na majasi yao masikioni, watoto wa shule waliosimama mstari mmoja wakiogopa kupepesa macho. Mchana, joto likizidi na mwanga wa bahari ukitembea darini, nilikuwa nasinzia juu ya meza na kuota kwamba wamebanduka kwenye karatasi, wanazunguka chumbani wakiulizana saa. Nikizinduka nawakuta wamerudi mahali pao, nami naona haya, kana kwamba ni mimi niliyewafukuza.

Tulivuka pamoja miaka ya dhiki, wao na mimi, wakati sabuni ilikuwa ya foleni na khanga moja ya ndugu wawili. Kisha ikaja ruksa ya biashara, na kila mtu akageuka mfanyabiashara. Jengo letu likapangishwa kwa bwana mmoja aitwaye Idarusi, muuza vioo vya Dubai, na tukaambiwa maboksi yote yatapakiwa Ijumaa kwenda Dar es Salaam. Mimi niliambiwa nitapangiwa kazi nyingine, maneno ambayo kila mtumishi anayajua maana yake.

Jumatano usiku nikampigia bibi yangu soga hizo. Bibi Mwanaima, mzaa mama yangu, alikuwa amekuja mjini kutoka Tongoni kwa sababu ya macho. Jicho moja lilikuwa limeshafunga, na la pili daktari alilikadiria miezi michache tu. Hata hivyo alikuwa anasuka ukili, ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka, maana mikono yake haikuhitaji macho.

"Kuna picha mpaka ya kwenu Tongoni," nikasema. "Mwanamke kakaa nje ya nyumba, anasuka mkeka."

Mikono yake ikasimama. Sijapata kuiona ikisimama ukili ukiwa katikati.

"Ana shingo ndefu?"

"Bibi, wote kwenye zile picha wana shingo ndefu. Waliamriwa wainue vichwa."

Hakucheka. Akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia maisha yangu yote. Mama yake, Mwanamkasi, alifariki kabla ya arubaini ya uzazi kutimia, na yeye Bibi ndiye aliyekuwa kichanga. Hakuiona sura ya mama yake hata kwa ndoto. Shangazi yake alimwachia mambo mawili tu. La kwanza, kwamba Mjerumani mmoja alipita na sanduku lenye miguu mitatu, akamkalisha Mwanamkasi nje ya nyumba akimwambia asuke. La pili, kwamba Mwanamkasi alikuwa na mashoto.

"Alipokufa aliacha ukili nusu," Bibi akasema. "Kila mwanamke wa Tongoni kaujaribu, kashindwa. Mwenye mashoto ukili wake walalia upande wa pili. Ukiuendeleza kwa mkono wa kulia wavunjika mkondo. Wakauzongazonga, wakautia kapuni. Nilipokuwa na miaka saba nikauchukua, nikaendelea palepale alipoachia. Nami nina mashoto, mjukuu wangu. Shangazi alilia siku nzima."

Kisha akanishika mkono.

"Nipeleke nikamwone kabla jicho halijafunga. Siku ya Kiyama, katika umati ule, nitamtafutaje mtu nisiyemjua sura?"

Alhamisi asubuhi tukapanda ngazi polepole. Ukumbi wa chini ulishajaa vioo vya Idarusi, vimeegemezwa ukutani huku na huku, na dirisha la mwisho likawa limemwaga bahari ndani ya kila kimoja. Tulipopita nilituona tukiwa wengi, Bibi kumi na mimi kumi, tukikokotana kwenye maji ya samawati. Nilitamani tusifike upesi.

Mkubwa wangu wa kazi alikuwa Bwana Manase, Msambaa wa Lushoto, mtu wa kanuni. Kwake picha kutoka nje ya chumba ilikuwa dhambi ya nane. Lakini alimwamkia Bibi kwa kuinama, akampa kiti chake mwenyewe karibu na dirisha, akaniashiria nilete ile postikadi ya Tongoni.

Bibi akaisogeza mpaka ikagusa pua. Akaigeuza kufuata mwanga, akaisogeza, akaigeuza tena. Hata wale wa kwenye maboksi, naapa walikuwa wakichungulia.

"Huu ndio mkono unaopenyeza chane ya ukindu?" akauliza, kidole hewani.

"Ndio huo."

"Ni wa kulia."

Nikatazama. Ulikuwa wa kulia, hakuna ubishi.

"Basi siye," Bibi akasema. Akaiweka kadi mezani kwa adabu, kama mtu arudishaye kikombe. "Mzuri, lakini siye. Ahsante, baba. Nasima, nirudishe nyumbani."

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Juu ya huzuni nikashikwa na hasira. Nilimkasirikia Mjerumani na sanduku lake, na zaidi nilijikasirikia mimi niliyemtoa bibi kizee kwenye mkeka wake kuja kuonyeshwa mama wa watu. Bibi akaanza kushuka peke yake, mkono ukutani. Mimi nikabaki kurudisha kadi kwenye bahasha, ambayo miaka minane nyuma niliiandika kwa mkono wangu: Mwanamke asiyejulikana.

Nikaitazama mara ya mwisho, safari hii kwa jicho la mtu atafutaye ugomvi. Nyuma ya yule msusi, ukutani, kulikuwa na ubao wa mtoto wa chuo cha Kurani. Nilikuwa nimeufuta vumbi mara mia. Juu yake mtoto alikuwa ameandika herufi zake za Kiarabu kwa wino mweusi, na ya kwanza ilikuwa alifu.

Alifu ilikuwa upande wa kushoto.

Ikafuata be, ikafuata te, zikielekea kulia. Na jimu ilikuwa imegeuka inatazama nyuma.

"Bwana Manase," nikasema, "mimi nilichapwa kwa alifu kabla sijaijua a. Hakuna mwalimu wa chuo duniani anayeanzia mstari kushoto."

"Labda mtoto alikosea."

"Mtoto hukosea herufi. Hakosei upande."

Akaichukua kadi, akavaa miwani. Akaisogeza dirishani, akaufuata ule mstari kwa ncha ya kidole. Kisha akanieleza kwamba picha za siku zile zilinaswa kwenye kipande cha kioo, na fundi akikilaza kioo kifudifudi wakati wa kuchapa, kila kitu hugeuka: kulia kuwa kushoto, kushoto kuwa kulia. Huko Ulaya aliyechapa hakuijua alifu, kwa hiyo hakuona kasoro. Manase naye hakuijua. Mimi niliyeijua nilikuwa nikisoma maneno ya Kijerumani yaliyochapwa baadaye chini: Msusi wa mikeka, Tongoni.

"Bibi!" nikapiga kelele ngazini. "Bibi, simama hapo!"

Alikuwa ameshafika ukumbini, katikati ya vioo. Nikashuka mbio. Nyuma yangu akashuka Bwana Manase, ameibeba kadi kwa mikono miwili, akivunja kanuni yake mwenyewe ngazi moja baada ya nyingine.

Idarusi akainua kichwa kutoka kwenye maboksi yake. "Mnanunua?"

"Tunaazima," nikamwambia, nikachagua kioo kikubwa chenye fremu ya waridi, nikamsogezea Bibi mpaka pumzi yake ikakitia ukungu. Nikaufuta. Manase akaiweka kadi shavuni pa Bibi, picha ikielekea kioo.

"Usitazame kadi, Bibi. Tazama kiooni. Mkono upi?"

Mwanga wa bahari ulikuwa umetuzunguka pande zote. Bibi akalikaza lile jicho moja. Akauinua mkono wake wa kushoto taratibu, vidole vikashika chane isiyokuwapo, na ndani ya kioo msusi wa Tongoni alikuwa ameshika yake vilevile.

"Mashoto," akanong'ona.

Kisha akasahau mikono. Kiooni nyuso mbili zilikuwa bega kwa bega, yake na ya yule mwingine, na jicho lake likawa linakwenda huku na kurudi huku, pua na pua, kidevu na kidevu. Machozi yakamtoka, akayapangusa haraka yasimzibie. Mmoja alikuwa na miaka sabini na sita. Mwingine hakuzidi kumi na minane.

"Shikamoo, mama," akasema yule mzee.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kwa miaka minane nimemfuta vumbi usoni kila wiki, wala sikumwamkia hata siku moja. Nikapiga goti kwenye sakafu ya Idarusi, nikamwamkia.