Mfungua Njia wa Rossegg

Majina yalikuwa manne, na la Burgi Ploner halikuwamo.

Aliyasoma majina hayo ya timu mara tatu kwenye ubao wa hoteli, theluji ikimyeyukia mabegani. Kwa miaka kumi na minane alikuwa ameiteremkia Austria milima ya dunia kwa skii. Makombe alikuwa nayo ya kujaza kabati, na goti lililopasuliwa mara mbili, lakini dhahabu ya ubingwa wa dunia hakuwahi kuivaa. Mwaka huu ubingwa wenyewe ulikuwa umekuja kijijini kwao, kwenye mlima Rossegg.

"Usinielewe vibaya," kocha Hannes alimwambia. "Una miaka thelathini na minne, na vijana ndio hao wanakuja."

"Sema nimezeeka, Hannes. Ulimi hauna mfupa, hautavunjika."

Hannes alikohoa. "Nimekutafutia nafasi ya heshima. Utakuwa mfungua njia."

Mfungua njia huteremka kabla ya wengine, ili ionekane kama mlima unapitika. Hapewi medali, na muda wake hauhesabiwi. Burgi aliondoka, akaenda moja kwa moja kwa mzee Vitus, aliyekuwa akimpakia skii zake nta ya kuteleza tangu akiwa msichana.

"Wamenifanya fagio, mzee wangu."

"Basi fagia," alisema Vitus, pasi ya kuyeyushia nta mkononi. "Kwani huyo Hannes alikwambia uende polepole?"

Siku ya mazoezi Burgi alitangulia. Saa ilikuwa imewashwa kwa majaribio, na mtangazaji, kwa mazoea tu, akausoma muda wake kwenye kipaza sauti: dakika moja, sekunde arobaini na moja nukta tatu. Wakafuata wanawake hamsini wa mataifa yote. Hakuna aliyeufikia.

"We Hannes!" mchinja nyama wa kijiji alipaza sauti kutoka kwenye uzio. "Bibi kizee wako mbona hashikiki? Mwenye kovu usidhani kapoa!"

Watu wakaangua kicheko. Hannes akasema labda saa ilikuwa haijakaa sawa.

Wakati wa chakula cha jioni, Silke Rainalter alisimama. Alikuwa na miaka ishirini, na jina lake ndilo lililokuwa la nne.

"Kocha, kesho ni mazoezi ya mwisho. Nipambanishe na Burgi. Mshindi achukue nafasi yangu."

"Nafasi ni yako tayari, mtoto. Mbona unajitafutia balaa?"

"Sitaki kukalia kiti huku najiuliza ni cha nani."

Burgi aliweka uma kando ya donge lake la mkate na nyama, akamtazama msichana yule.

"Sitakuhurumia, Silke."

"Ukinihurumia nitakutukana, dada."

Asubuhi Burgi alimshinda kwa nusu sekunde. Silke alilia nyuma ya kibanda cha nta, akanawa uso kwa theluji, kisha akamwendea Hannes. "Nipe hiyo fulana ya mfungua njia," akasema. "Haiwezi kukaa bure."

Siku ya mashindano jua liliwaka sana. Burgi alipangiwa kuteremka wa ishirini na moja, wakati njia imeshachimbwa na waliotangulia. Msichana wa Uswisi alikuwa anaongoza. Kule juu, upepo ukimpiga usoni, Burgi aliletewa simu ya upepo na Vitus. Alikuwa Silke, aliyekwisha kufungua njia, akiita kutoka chini.

"Dada, nisikilize. Kwenye kona ya Kanisa Bovu, upande wa chini pamekuwa barafu tupu. Wote wanapita hapo kwa sababu ni karibu. Wewe shika juu. Moyo utakataa, lakini shika juu!"

"Nimekusikia."

Burgi akajisukuma langoni. Mlima ulimpokea kwa kishindo. Mashimo yaliyochimbwa na waliotangulia yalimrusha huku na huku, na goti likaanza kulalamika mapema. Alijikunja, akaliacha lilalamike. Kwenye Kanisa Bovu alama zote za skii zilikwenda chini, zikimvuta. Akashika juu, mahali ambapo hapakuwa na alama ya mtu, na theluji ikamshika vizuri. Alitoka kwenye kona ile akikimbia kuliko alivyowahi kukimbia maishani.

Alipovuka mstari hakuthubutu kutazama ubao. Aliambiwa na kelele za watu. Alikuwa amemtangulia Mswisi kwa sehemu saba za mia za sekunde, muda usiofika hata kupepesa jicho. Wakateremka waliobaki, mmoja mmoja, na ubao haukubadilika.

Silke alimrukia hadi wote wawili wakaanguka. Hannes alikuja akiwa amevua kofia.

"Nilikosea, Burgi."

"Ulikosea," alikubali Burgi, akamkumbatia, maana siku ile hakuwa na nafasi ya kinyongo.

Kisha umati ukafunguka, akapita mwanamke mwenye mabuti yaliyojaa samadi. Mama yake hakuwahi kutazama mashindano hata moja, kwa hofu. Kila mara alijificha zizini na ng'ombe wake hadi binti yake amalize. Leo kelele zilikuwa zimemfikia hukohuko.

"Umeshinda au umevunjika?" aliuliza, akihema.

"Nimeshinda, mama."

"Tena?"

"Tena. Lakini hii ndiyo dhahabu yenyewe."

Mama akamshika mashavu kwa mikono inayonuka maziwa, na kijiji kizima kikaanza kuimba.