Mkono wa Simu

Mpokea simu za dharura alikuwa anachovya mkate kwenye chai, simu ikalia.

"Dada, mama mkwe wangu kakabwa na mwiba wa samaki!"

"Anapumua?"

"Kwa taabu. Hata kunisema ameacha, ndiyo nikajua mambo yameharibika."

Akamwita dereva kwenye redio. Gari la wagonjwa lilikuwa zima na mafuta tele, ila limejaa saruji ya nyumba mpya ya mkurugenzi, na mkurugenzi mwenyewe amekaa mbele akielekeza njia.

"Shusheni hiyo saruji mje!"

"Bosi anasema tukishafika," dereva akajibu.

Kwenye simu, yule mkwe aliyepiga sasa alikuwa analia, kilio cha kweli. Mpokea simu akasikia hasira inampanda. Akakunja mkono wa blauzi, akachomeka vidole kwenye simu, vikaingia. Akasukuma. Kiwiko kikapita, halafu bega. Kule ndani kulikuwa na joto na harufu ya vitunguu. Akapapasa huku na huku, akashika upara.

"Huyo mimi," mkwe akasema. "Mama yuko kushoto."

Akaupata mgongo mpana, akautandika makofi mpaka mwiba ukaruka.

"Nani huyo ananipiga?" bibi akafoka. "Na wewe umesimama tu kama nguzo!"

"Asante, dada," mkwe akasema, sauti imemnyong'onyea. "Amerudi vilevile."

Mpokea simu akautoa mkono, akaufuta mafuta ya samaki, akapokea simu nyingine. Kufikia mchana alikuwa amezima moto wa jiko moja kwa ndoo ya maji, amemtuliza ng'ombe mmoja na kupokea mtoto wa kike. Jirani yake wa meza alilalamika tu kwamba anamwagia maji kwenye karatasi.

Jioni mkurugenzi akaingia, saruji mpaka kwenye nyusi, akampongeza mbele ya wote.

"Kwa mkono kama huu," alisema, "gari lisisumbuliwe tena. Nitaongeza ghorofa."

"Na wagonjwa wa kubebwa, bosi? Mtu mzima hapiti kwenye simu."

"Umejaribu?"

Hakuwa amejaribu. Simu ikalia: mzee ameanguka ngazini, nyonga imevunjika, hawezi kuinuka.

"Pole sana," mpokea simu akasema. "Ni mnene?"

"Wa kawaida tu."

Akasogeza kiti, akasimama, akakunja na mkono wa pili wa blauzi.